Mbwa Huyu Ana Mwenyewe

Hotuba hii niliitoa Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwenye uwanja wa shule ya msingi kijijini kwetu, wilayani Serengeti. Wengi mlikuwa machungani siku ile, na wengine mnaishi mbali. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji wetu, walimu, wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wanangu mlioshika kamba pale nyuma: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Kabla sijaanza, naomba watoto wasogee wote chini ya mwembe pamoja na mbwa wao. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Joto lake analitolea mdomoni, na mkiona ulimi umening'inia hivyo ujue anahangaika. Mwalimu, tafadhali, lile beseni la maji liwekwe karibu nao. Asante.

Sasa nisikilizeni.

Zamani, nikiwa bado kazini kama afisa mifugo, nilitumwa kijiji kimoja chenye mnada kwenda kuhesabu mbwa wasio na wenyewe. Nikaenda siku ya mnada, nikasimama karibu na wachoma nyama, na daftari langu mkononi. Mbwa walikuwepo kumi na wawili. Wanazunguka, wanagombea mifupa, wanapigwa mateke na kila mpita njia. Nikaanza kuuliza. Huyu mwekundu wa nani? Hajulikani. Huyu mwenye sikio lililokatika? Hajulikani. Huyu jike mwenye madoa? Mchoma nyama akanijibu, "Bwana mifugo, hao ni mbwa koko tu, andika." Nikaandika. Kumi na wawili, hana mwenyewe, hana mwenyewe, hana mwenyewe.

Jioni mnada ukaanza kuvunjika. Akapita binti wa miaka kama minane, ndoo ya maji kichwani, wala hakutazama upande wetu. Akaita jina mara moja: "Watasema!" Yule jike mwenye madoa akainua kichwa. Alikuwa na mfupa wa paja mdomoni, mfupa alioupigania mchana kutwa. Akauacha. Jamani, aliuacha mfupa, akamfuata yule mtoto.

Nikawakimbilia. Nikamwuliza binti, "Mbwa huyu wa nani?" Akanishangaa. "Wa kwetu."

Nikafuta mstari wa kwanza. Nikakaa pale hadi giza likaingia. Mmoja alifuata mkokoteni wa punda. Mmoja alifuata mzee aliyekuwa akitembea kwa fimbo. Wawili walifuata wanafunzi. Nilipofunga daftari nilikuwa nimefuta mistari kumi.

Tangu siku ile nimeacha kutumia neno mbwa koko. Na si mimi peke yangu niliyejifunza hivyo. Watafiti waliopita vijijini mwetu nyumba kwa nyumba walikuta jambo lilelile: mbwa wengi mno mnaowaona wakizurura wana nyumba wanayorudi, wana mtu anayewamwagia ukoko wa ugali, wana jina. Mbwa huyu anazurura, ndiyo. Lakini mbwa huyu ana mwenyewe.

Hilo ndilo neno lililonileta hapa leo. Mbwa huyu ana mwenyewe.

Mmewahi kufikiria majina tunayowapa? Binadamu tunamwita kwa jina la babu, la mtakatifu, la mtume. Mbwa tunampa yale tunayoshindwa kusema. Mama aliyesengenywa kijiji kizima anamwita mbwa wake Watasema. Mwenye jirani mkorofi anamwita Wivu, na kila jioni anasimama uani na kuita "Wivu! Wivu njoo hapa!" mpaka jirani asikie. Nimewachanja Mtachoka, nimewachanja Siri, nimemchanja mbwa anaitwa Mungu Yupo. Mwenye mbwa huyo alikuwa mjane, na nilipoandika jina kwenye kadi, aliniomba niliandike kwa herufi kubwa.

Kwetu majina ya mbwa ndiyo yalikuwa kalenda. Baba yangu hakuandika tarehe. Ukimwuliza fulani alizaliwa lini, atakwambia, "Wakati wa mbwa gani?" Tulikuwa na Subira, aliyeletwa mwaka 1971 ndani ya shati la baba, amebadilishwa kwa tetea mmoja. Subira akazaa Kagera mwaka 1979, vijana wetu wakiwa bado vitani Uganda. Kagera akazaa Njano mwaka 1984, mwaka wa njaa na unga wa njano. Njano akazaa Vyama mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporudi. Vyama akazaa Elinino kwenye mvua zile za mwanzo wa 1998, zizi zima limejaa maji, mama akamzalishia chini ya kitanda chake. Wengine nawaruka. Aliyepo leo ni Barakoa. Alizaliwa mwaka 2020, mwili mweusi na pua nyeupe hadi kidevuni, watoto hawakuhitaji kufikiri sana. Ni jike baada ya jike, ukoo mmoja, miaka zaidi ya hamsini. Wao wanatuzika na sisi tunawazika.

Nataka niwaeleze kuhusu Subira.

Wazee waliopo hapa mnakumbuka Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Nilikuwa na miaka tisa. Tulihama kutoka mji wa babu kule bondeni, mwendo wa kilomita tisa, tukaja kupangwa kwenye mstari wa viwanja vipya. Baba alimleta Subira kwa kamba. Usiku wa kwanza akaikata kamba kwa meno, akarudi kwenye mahame. Asubuhi baba akamfuata na ugali kwenye jani la mgomba, akamleta. Usiku akarudi tena. Baba akamfuata tena, akamleta, akamfunga kwa mnyororo wa baiskeli. Akalia usiku kucha. Baba hakuweza kuvumilia, alfajiri akamfungua, naye akaondoka bila kugeuka nyuma.

Baba akasema basi, mbwa huyu amependa mahali pake, tumwache.

Mama alikuwa anachagua mchicha. Akauliza swali moja tu. "Ukimkuta kule, huwa amelala wapi?"

Baba akasema, "Jikoni. Paa limeshaanguka, lakini analala pale pale kwenye majivu, katikati ya mafiga."

Mama akasimama, akakung'uta kanga, akasema twendeni. Tukaenda watatu. Tukamkuta Subira kama baba alivyosema, amejikunja juu ya majivu yaliyopoa, mafiga matatu yamemzunguka. Mama akaweka ngata kichwani, akajitwisha figa la kwanza. Baba akabeba la pili. La tatu, lile dogo, nikabeba mimi. Lilikuwa na masizi mazito, likanichafua shati lote, na mpaka leo nikifumba macho nauhisi ule ubaridi wake tumboni.

Hatukumfunga kamba. Subira alitufuata mwenyewe, kilomita tisa, pua yake karibu na kisigino changu. Tulipofika mama akayapanga mafiga, akawasha moto. Subira akazunguka mara tatu, akalala. Hakurudi tena bondeni hata siku moja.

Baba alidhani mbwa amependa mahali. Mama alijua mbwa amependa nini. Mafiga mawili kati ya yale bado yapo nyumbani, na Barakoa analala hapo hapo. Hakufundishwa na mtu.

Sasa nafika mahali pagumu. Watoto wadogo, shikaneni mikono. Wazazi, msiwafunike masikio, ni vizuri wasikie.

Mwaka 1986, wakati wa masika, usiku mmoja mbwa asiyejulikana alipita uani kwetu. Akapigana na Kagera, akamng'ata sikio, akaenda zake. Kidonda kilikuwa kidogo kikakauka, tukasahau. Wiki kadhaa baadaye Kagera akaanza kubadilika. Alikuwa akiitwa haitiki. Alikuwa akitafuna udongo, anang'ata hewa kama anayekamata nzi wasiokuwepo. Sauti yake ikakauka, ikawa kama ya mtu aliyekabwa. Sisi tukasema amelogwa. Wengine wakasema ni uzee.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto yule na Kagera walikuwa kitu kimoja. Alijifunza kusimama kwa kushika manyoya ya mgongo wake. Asubuhi hiyo akachukua ukoko wa ugali kama kawaida yake, akampelekea. Kagera akamrukia, akamng'ata shavuni na mkononi.

Kagera alikufa siku mbili baadaye. Na mtoto? Tulimpaka tumbaku na majani. Tulimpeleka zahanati, wakamfunga bandeji, wakatuambia kidonda ni safi turudi nyumbani. Hakuna aliyemwosha kwa sabuni. Hakuna aliyetaja chanjo. Kidonda kikapona vizuri kabisa, tukamshukuru Mungu.

Wiki ya tano akaanza kulalamika kwamba kovu linawasha. Kisha homa. Kisha akaomba maji. Tulikuwa na kikombe cha bati cha buluu. Dada akamletea maji, mtoto akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni, na koo likakaza. Alikuwa na kiu, ndugu zangu. Alikuwa anayataka yale maji. Na kila alipoyakaribia mwili wake uliyakataa. Alikitupa kikombe, akalia, akakiomba tena. Alikaa hivyo siku tatu.

Nataka mjue kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikuja kukijua baadaye, nikiwa chuo cha mifugo. Leo tunaadhimisha siku hii kwa sababu Septemba 28 mwaka 1895 ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, Mfaransa aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuchanjwa alikuwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa. Ilikuwa Julai 1885. Mtoto yule akaishi. Hesabuni wenyewe kutoka 1885 hadi 1986. Chanjo ilikuwa na umri wa miaka 101 siku mpwa wangu anakufa kwa kiu, kikombe kikiwa mbele yake. Niliposoma ukurasa ule nilifunga kitabu nikatoka nje. Hadi leo sijajua niseme nini juu ya hilo. Nilichoweza kufanya ni kazi hii, miaka karibu arobaini.

Sasa turudi kwenye msiba. Siku ya nne ya matanga, wanaume wa kijiji wakaja na marungu na mikuki. Walishaua mbwa wote wa mtaa wa chini, wamebaki wa kwetu. Njano hakuwa amekaa na Kagera, alikuwa machungani na kaka yangu miezi miwili nzima, amerudi jana yake. Mama alikuwa amemficha ndani ya kihenge, juu ya mtama. Na Njano alinyamaza humo, hakutoa hata pumzi.

Wale wanaume hawakuwa wabaya. Walikuwa na hofu, nao walikuwa na watoto. Wakaanza kukisogelea kihenge.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga ya msiba kichwani. Alikuwa hajasema neno siku nne. Akainuka, akaenda akasimama mbele ya mlango wa kihenge, akasema: "Mbwa huyu ana mwenyewe. Na mwenyewe ni mimi."

Wakamwambia, mama, mbwa ndio waliomuua mwanao.

Akasema, "Kagera hakumuua mwanangu. Kagera amemlinda mwanangu tangu anatambaa. Kilichomuua ni ugonjwa, na ugonjwa huo ulimuua Kagera kwanza."

Wakashusha marungu. Wakaondoka mmoja mmoja.

Ndugu zangu, mimi nimesoma. Nina vyeti. Nimehudhuria semina nyingi, na katika zote sijasikia mtu akiueleza ugonjwa huu vizuri kuliko dada yangu siku ile. Kwa sababu sayansi inasema hivyo hivyo. Kuua mbwa hakumalizi kichaa. Ukiua mbwa kumi leo, mwakani pana watoto wa mbwa kumi wengine, na hakuna hata mmoja mwenye chanjo. Na jambo la pili ambalo wapanga mipango hulisahau: watu huficha mbwa wao. Mama yangu alimficha Njano kwenye mtama. Nani katika kijiji hiki hangemficha? Wengine huwahamisha usiku kwenda kwa shemeji kijiji cha tatu, na ugonjwa kama upo unasafiri nao. Ukija na sumu, mbwa wanafichwa. Ukija na chanjo, mbwa wanaletwa. Tazameni pale chini ya mwembe. Nani aliwalazimisha watoto wale? Mbwa yule wa kahawia amekuja kwenye toroli. Yule mdogo amekuja ndani ya mfuko wa shule, kichwa ndiyo kimechungulia. Yule binti wa mwisho amembeba wake mgongoni kwa kanga kwa sababu mguu mmoja ni mbovu. Hakuna gari la serikali linaloweza kukamata mbwa wengi hivi kwa asubuhi moja. Wameletwa na watu wanaowapenda.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa wale wanaodhani kumtunza mbwa ni mambo ya wazungu.

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulipita huku kwetu. Wengine mtakumbuka: mbwa wanatoka tongo na kamasi, wanakataa kula, kisha wanaanza kutetemeka taya na miguu. Walikufa wengi. Virusi vilevile vikaingia mbugani, na karibu theluthi ya simba wa Serengeti wakafa. Simba wapatao elfu moja. Dunia nzima ikaandika habari za simba. Nyumbani kwetu Vyama naye akaugua, alikuwa na miaka miwili. Mimi nikiwa afisa mifugo nikamwambia mama ukweli: huyu haponi, na dawa yake haipo. Mama akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akakoroga uji mwepesi, akamfuta Vyama macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akafungua taya lake lililokuwa linatetemeka, akamtilia uji kijiko kimoja. Akangoja ameze. Kingine. Alifanya hivyo asubuhi, mchana, jioni na usiku, wiki nne. Vyama akapona. Alibaki na shavu moja linalocheza peke yake maisha yake yote, na huyo ndiye aliyekuja kumzaa Elinino.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina moja, nikasikia habari ya kaburi lililopatikana mwaka 1914 huko Ujerumani, mahali panaitwa Oberkassel, karibu na Bonn. Wachimba mawe walikuta mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa. Kaburi lina umri wa miaka kama 14,000. Elfu kumi na nne! Hapakuwa na ng'ombe wa kufugwa, hapakuwa na shamba la mtama popote duniani, lakini mbwa alikuwepo, na alizikwa na watu wake. Mwaka 2018 wataalamu wakatoa matokeo ya kuyachunguza meno ya mbwa yule. Alikuwa bado mdogo, wa miezi kama saba. Na meno yake yalikuwa na alama za ugonjwa mzito, ugonjwa uliomlaza zaidi ya mara moja, wiki kadhaa kila mara. Wakasema ugonjwa wenyewe yaelekea ulikuwa distempa. Wakasema mbwa mdogo katika hali ile asingeweza kuishi hata wiki zile bila mtu wa kumpa joto, kumsafisha, kumpa maji na chakula.

Nilikaa kwenye kiti nikamwona mama yangu na kijiko chake.

Mbwa yule hakuwa na faida. Mgonjwa wa miezi saba hawindi na halindi zizi. Mtu alimlisha kwa sababu alikuwa wake. Kwa hiyo asije mtu kuniambia mambo haya yametoka kwenye televisheni. Wajapani walipima mwaka 2015 wakakuta kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana machoni, miili ya wote wawili inatoa homoni ileile inayomfungamanisha mama na mtoto anayenyonya. Ni vizuri wamepima. Mama yangu hakuwa na kipimo.

Na ndugu zangu Waislamu, najua kuna suala la udhu na mate ya mbwa, na ninaliheshimu. Hakuna anayewaambia mumlaze kitandani. Lakini nyinyi mnajua kuliko mimi habari ya Watu wa Pango katika Suratul-Kahf, na mbwa wao aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kila wanapotajwa idadi yao, mbwa anahesabiwa. Na mnaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akapanda amekishika kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba tope kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mwalimu wa madrasa yuko hapa, amemleta mbwa wa zizi lake kwa kamba ndefu. Nimemwona na nimefurahi.

Sasa niseme ya kazi, maana jua linapanda.

Tukichanja mbwa 70 katika kila 100, virusi vinakosa njia ya kupita. Havina mguu wa kutembelea. Huo ndio ukweli wa hesabu, na umethibitika. Kule Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikatoweka. Kikaletwa tena kutoka nje mwaka 2016, wakachanja tena, kikatoweka tena. Sisi huku kuna chanjo za mbwa vijijini zaidi ya miaka 20, na tofauti na ile miaka ya themanini mnaiona wenyewe. Lakini mtaniuliza, na huwa mnaniuliza kila mwaka: si tulichanja mwaka jana? Mlichanja. Lakini mbwa wa huku hawaishi sana. Wengine wamekufa, wengine wamezaliwa, wengine wamekuja na mashemeji. Wale 70 wa mwaka jana leo pengine ni 40. Ndiyo maana tunarudi.

Msiwaache watoto wa mbwa nyumbani. Kila mwaka naambiwa, "Wale bado wadogo, tumewaacha." Walete. Wanachanjwa hata kama hawajafika miezi mitatu, na wao ndio wanaotuharibia hesabu, kwa sababu ndio wengi na ndio watoto wetu wanaocheza nao.

Akikung'ata mbwa, awe wako au wa jirani, amechanjwa au hajachanjwa: maji na sabuni. Dakika 15. Si kumwagia tu, osha, maji yatiririke, dakika 15 kamili ukitazama saa. Hakuna tumbaku, hakuna mafuta ya taa, hakuna nywele za mbwa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika usikubali bandeji peke yake. Sema neno hili: chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiambiwa haipo hapa, uliza iko wapi, na uende. Dalili zikishaanza, hakuna daktari atakayekusaidia. Virusi vinatambaa kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye kidonda kwenda kwenye ubongo, na mtoto ambaye ameng'atwa usoni, safari yake ni fupi.

Na mbwa mwenyewe aliyeng'ata, kama mnaweza kumfungia bila mtu kuumia, msimuue mkamtupa. Mfungieni, mtuite. Akikaa siku kumi mzima, anakula na kunywa, mtajua kwamba siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa.

Wanangu, mnanisikia? Mbwa akikukwaruza au akikung'ata, hata kidogo, hata kama ulimchokoza wewe, sema nyumbani. Hutachapwa. Wazazi, waambieni sasa hivi mbele yangu kwamba hawatachapwa. Semeni kwa sauti. Tena. Asanteni.

Pale mezani, aliyevaa miwani na kanga ya kijani, ndiye dada yangu. Hii ni miaka mingi sasa, kila kampeni ya chanjo kijijini hapa yeye ndiye mwandishi wa kadi. Halipwi. Ana swali lake moja, na hamwandiki mbwa yeyote kabla hajajibiwa. Atakuuliza, "Huyu wa nani?" Usimjibu "wa nyumbani" au "wa baba". Mtaje mtu. Anataka jina la yule anayempa ukoko, hata kama ana miaka mitano.

Barakoa ameletwa na mjukuu wangu, na amezaa, vitoto vinne viko kwenye ungo. Vitapita kwanza kwa sababu vinalia. Wa toroli wafuate, kisha mwenye mbwa wa mguu mbaya, kisha mstari kuanzia kwenye mlingoti wa bendera. Kamba fupi, mbwa kichwa kwako, na usiache kumwita jina lake. Mwite wakati sindano inaingia.